Maswali ya Wasomaji: Kuanza Safari za Pakrafti Nyikani

Barua tulizochagua mwezi huu zinahusu pakrafti, yaani mashua ndogo ya kujaza upepo, yenye uzito wa kilo 2 hadi 4 hivi, ambayo msafiri huikunja na kuibeba mgongoni pamoja na hema lake mpaka afike mtoni. Zimetoka Anchorage, Nyeri na Mombasa, na tumezifupisha kidogo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Bukavu na sasa ninaishi Anchorage, Alaska, ambako ninafanya kazi katika ghala. Mwenzangu wa kazini amenialika mwezi Agosti tutembee milimani kwa siku 3, kisha turudi kwa kuteremka mto katika pakrafti. Anasema kwamba mto wenyewe, kwa ugumu wake, ni wa daraja la 2 tu, kwamba anayo mashua ya ziada, na kwamba mambo mengine nitajifunza huko huko. Ninajua kuogelea tangu utotoni, kwa kuwa tulikulia kando ya Ziwa Kivu. Je, hilo latosha? Na nikitaka kununua vifaa vyangu, nianze na kipi? — B. M., Anchorage

JIBU: Ndugu B. M., kuogelea kwako kutakufaa, lakini hakutoshi, kwa sababu maji uliyokulia na maji unayoalikwa ni vitu viwili tofauti kabisa. Uso wa Ziwa Kivu huwa na joto la nyuzi 23 hivi, ilhali mito inayotoka kwenye barafuto za Alaska, yaani matabaka makubwa ya barafu ya milimani, huwa na nyuzi chache tu juu ya kiwango cha kuganda, hata katika siku ya Agosti ambayo watu ufukoni wamevaa fulana. Dk. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi mwili unavyoathiriwa na baridi, huwafundisha watu kanuni ya dakika 1, dakika 10 na saa 1. Dakika ya kwanza baada ya kutumbukia ni ya kutweta: pumzi hukatika na kurudi kwa kasi bila hiari yako, na anayevuta maji katika hali hiyo huweza kuzama pale pale, awe hodari wa kuogelea au asiwe. Zinazofuata ni dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu bado inakutii, na baada ya hapo vidole havishiki kamba wala kifungo cha mkanda. Saa 1 ndiyo muda wa kukadiria kabla mtu hajapoteza fahamu kwa kupoa mwili, lakini huo ni muda wa mtu anayeelea; asiye na jaketi la kuokolea maisha hafiki huko.

Kwa hiyo swali la manunuzi linajijibu lenyewe. Usianze na mashua, kwa kuwa mwenzako anayo ya ziada, na hata asingekuwa nayo, Anchorage ina maduka yanayozikodisha. Anza na jaketi la kuokolea maisha linalokubana vizuri, lisilopanda hadi masikioni mtu akikuvuta mabegani, kisha kofia ngumu ya mtoni, kisha suti isiyopitisha maji, ile yenye pete za mpira shingoni na kwenye vifundo vya mikono. Suti hiyo ni ghali, na bei yake yaweza kukaribia bei ya mashua; hiyo nayo hukodishwa. Ndani yake vaa sufu au nguo nyingine inayotunza joto hata ikiwa na unyevu, kamwe usivae pamba. Kabla ya kuingia majini, chuchumaa, ukumbatie magoti, na uivute pete ya shingoni kwa kidole ili hewa iliyobaki ndani itoke, kwa maana suti iliyojaa hewa humfanya mtu ashindwe kuongoza miguu yake akiwa majini.

Neno "daraja la 2 tu" lilinishtua kidogo. Mito hupangwa katika madaraja 6, na la 2 ni mawimbi mepesi yenye njia iliyo wazi. Hata hivyo, daraja hupima ugumu wa maji, halipimi baridi yake, wala umbali wa hospitali, wala miti iliyoanguka. Wazoefu wengi hulihesabu daraja la mto ulio mbali na barabara kuwa limepanda kwa ngazi 1, nami nawaunga mkono bila kusita. Na katika mito myepesi ya Alaska, kinachoua zaidi ya mawimbi ni miti. Mto wa barafuto hugawanyika kuwa vijito vingi vinavyohamahama katika kokoto, hula kingo zake, na msunobari ulioinama juu ya mkondo leo huenda jana ulikuwa umesimama wima. Maji hupita katikati ya matawi bila shida, mtu na mashua hawapiti. Shinikizo la mkondo humgandamiza mtu kwenye matawi, na mwenzake aliye ufukoni mara nyingi hana la kufanya. Ndiyo maana kwenye kila kona usiyoona mwisho wake inakupasa utue upande wa ndani wa kona, ushuke, utembee uone, na ukikuta mti uliolala ukipitisha mkondo wote, uibebe mashua yako uuzunguke. Ina kilo chache tu, hivyo uvivu usikuponze. Ikitokea umeanguka na unapelekwa kwenye mti usioweza kuukwepa, kanuni ya kawaida hugeuka: lala kifudifudi, uogelee kwa nguvu kuelekea mti kichwa kikitangulia, na upande juu yake kabla miguu haijavutwa chini.

Kanuni ya kawaida ni kulala chali, miguu ikitangulia na kuwa juu ya maji, huku ukipiga mikono kwa mshazari kuelekea ukingoni. Usisimame katika maji yanayokimbia ambayo yamepita magoti. Mguu ukinasa kati ya mawe mawili, mkondo hukuangusha kifudifudi na kukuzamisha katika maji ambayo ungeweza kusimama kichwa kikiwa nje. Watu wamekufa hivyo wakidhani wamefika salama. Usijifunge kwenye mashua kwa kamba yoyote, na hakikisha hakuna mkanda mrefu unaoning'inia kwenye mzigo. Mikanda ya mapajani, ambayo huwasaidia wazoefu kuinua mashua bila kutoka ndani yake, haikufai katika mwaka wako wa kwanza.

Sasa niseme jambo moja kuhusu mwenzako, ingawa simfahamu na sina nia ya kumvunjia heshima. Mashua hizi zilienezwa zaidi na watembeaji waliotaka kuvuka maji, na hali hiyo imeacha alama yake. Katika miaka ya 1840, luteni mmoja wa Jeshi la Majini la Uingereza, Peter Halkett, alibuni mashua ya kujaza upepo iliyoweza kuvaliwa kama joho. Wakuu wa jeshi waliisifu kwa werevu wake na kusema kwamba ingewafaa wavumbuzi, lakini hawakuona kazi yake katika manowari, na Dk. John Rae, mmoja wa wavumbuzi hao, akaichukua ya aina hiyo katika safari yake ya Aktiki ya mwaka 1846. Huko kwenu Alaska, habari zilianza kuvuma mwaka 1982, katika mashindano ya kwanza ya kuvuka nyika kutoka Hope hadi Homer, pale Dick Griffith, mzee wa miaka 50 na ushei kati ya vijana, alipofika kwenye mto uliowakwamisha wengine, akatoa kimashua cha plastiki kwenye begi lake na kuvuka. Tangu hapo hadi leo wengi wanaoingia katika mchezo huu ni watembeaji hodari, wenye mapafu na miguu ya kutosha, ambao elimu yao ya mto ni ndogo kuliko wanavyodhani. Muulize mwenzako aliteremka mto huo lini mara ya mwisho, ulikuwa na kina gani, miti ilikuwa wapi, na kama amewahi kuhudhuria kozi ya uokoaji katika maji ya kasi. Akikasirika kwa maswali hayo, umekwisha pata jibu. Muulize pia watu watakuwa wangapi. Wawili ni wachache. Wakiwa watatu, mmoja hukaa na aliyeumia, na mwingine hufuata msaada.

Kabla ya Agosti unayo muda wa kujifunza, na mafunzo yenyewe yanaanza kwa kuanguka. Nenda kwenye ziwa dogo siku isiyo na upepo, ukiwa na mtu ufukoni, uvae kila kitu utakachovaa safarini, kisha jipindue kwa makusudi. Shika kafi kwa mkono mmoja na mashua kwa mwingine. Igeuze mashua isimame sawa, jisogeze ubavuni, nyosha miguu nyuma hadi iwe juu ya maji, piga teke kwa nguvu kama chura, na jivute kifua kipite juu ya boya la ubavu mpaka kitovu kiwe katikati. Ndipo ujigeuze ukae. Wanaoanza karibu wote hukosea kwa kuacha miguu ikining'inia chini ya mashua, na hapo mashua huwafunika tena. Rudia mpaka uweze kufanya hivyo ukiwa umechoka, kisha rudia mzigo ukiwa umefungwa mbele, kwa sababu mashua yenye mzigo hugeuka kwa uzito mwingine kabisa. Asiyeweza kupanda tena mashua yake katika ziwa tulivu hana ruhusa yangu ya kwenda mtoni, ingawa natambua kwamba haniombi.

Baada ya ziwa, chagua mto ulio karibu na barabara. Eagle River, karibu na mji wenu, ina kipande cha juu ambacho wanaoanza huenda nacho wakiwa na mwongozaji, lakini ni lazima ujue mahali pa kutoka: chini yake kuna maporomoko ya daraja la 3 yanayoitwa Campground Rapids, na zaidi ya hapo mto huingia katika ardhi ya jeshi. Treni ya Alaska Railroad husimama majira ya kiangazi karibu na barafuto ya Spencer, na ziwa la pale ni zuri mno kwa macho, lakini kaa mbali na vipande vya barafu vinavyoelea, kwa kuwa hupinduka bila onyo na sehemu kubwa imejificha chini. Mito inayoishia katika ghuba ya Turnagain Arm ina hatari nyingine tena, yaani maji kujaa na kupwa kwa mita nyingi na matope yanayonasa miguu, hivyo usikubali kuteleza hadi mdomoni mwa mto. Kuhusu Sixmile Creek, ambayo utaisikia ikitajwa kwa shauku, ina makorongo ya daraja la 4 na la 5, na haihusiki na mwaka wako wa kwanza wala wa pili.

Kuna mambo machache ya mto wa barafuto ambayo mtu wa ziwani hayatarajii. Maji yake ni ya rangi ya saruji, hivyo huoni jiwe lililo chini ya uso. Inabidi ulisome kwa namna maji yanavyovimba juu yake. Ukitulia utasikia vumbi la mawe likisugua sakafu ya mashua kwa sauti kama ya mafuta yanayoanza kuchemka kikaangoni. Sauti hiyo ni ya kawaida, si tundu. Mto huo huongezeka kadiri jua linavyoyeyusha barafu, kwa hiyo karibu na chanzo chake huwa juu alasiri na jioni na hupungua alfajiri, ilhali mbali huko chini ongezeko hilo laweza kufika usiku wa manane na kukuta hema lako limesimamishwa kwenye kokoto za chini. Mvua za Agosti huzidisha hayo. Mitambo ya Idara ya Jiolojia ya Marekani hupima kina na wingi wa maji katika mito kadhaa, na takwimu zake husomeka kwenye simu. Zitazame siku kadhaa mfululizo ili ujue kama mto unapanda au unashuka.

Mashua iliyojazwa upepo ufukoni hulegea ikigusa maji ya baridi, kwa kuwa hewa iliyo ndani hunywea, na mashua iliyolegea hukunjika katikati ya wimbi. Iweke majini kwa dakika chache, kisha uiongezee upepo kabla ya kuondoka. Ukiivuta juani wakati wa chakula, ipunguzie, na usiiache bila kuiwekea mawe au kuifunga kwenye mti, maana upepo huipeperusha, nawe utabaki upande usio na njia. Beba viraka, gundi na kitambaa cha kukaushia, kwa sababu kiraka hakishiki penye unyevu.

Mwisho kwako, weka vitu vya kuokolea uhai mwilini mwako badala ya kwenye begi lililofungwa katika mashua: filimbi, kiberiti cha gesi kisichoingiza maji, kisu kifupi, na kifaa cha kuomba msaada kwa satelaiti. Mashua ikikuponyoka, utakachokuwa nacho ni kile ulichovaa. Dawa ya kumpulizia dubu nayo ibebwe mahali ambapo mkono unaifikia, na mkiwa mnatembea vichakani kando ya mto, ambako kelele za maji huficha hatua zenu, ongeeni kwa sauti.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaishi Nyeri na nimeagiziwa pakrafti na kaka yangu aliye ng'ambo. Kwa kuwa mito yetu haina baridi ya Ulaya, nadhani hatari ni chache. Nianzie wapi? — J. W., Nyeri

JIBU: Ndugu J. W., umeepuka tatizo moja ukapata mengine. Huna haja ya kwenda mbali: Sagana, kwenye sehemu ya juu ya Mto Tana, kuna waongozaji wanaowateremsha watu mtoni kwa rafti, na hao ndio wa kwenda kwao kwanza, ukajifunza kusoma mkondo, kurusha kamba ya uokoaji na kuogelea katika maporomoko ukiwa chini ya uangalizi. Ukipata nafasi ya kusafiri, Jinja nchini Uganda ina walimu wa kayaki, ile mashua nyembamba ya mtu mmoja, katika Mto Nile, ingawa wingi wa maji ya pale humtisha mgeni.

Usiende na pakrafti kwenye sehemu za chini za Tana wala katika mabwawa yake. Kiboko hushinda mchana katika vidimbwi vyenye kina, na mashua isiyo na mngurumo humfikia kabla hajaisikia. Mamba naye hahitaji kushtuliwa. Boya la upepo si kinga dhidi ya yeyote kati yao. Ndani ya hifadhi utahitaji idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na ushauri wa askari wa pale una thamani kuliko ramani yoyote. Jihadhari pia na vizuizi vya zege vilivyojengwa kukinga maji ya umwagiliaji. Ukivitazama kutoka juu huonekana kama mstari mnyoofu usio na madhara, lakini maji yanayoanguka chini yake hujizungusha kurudi nyuma na kumshikilia mtu hapo hapo. Vipitie kwa miguu, daima.

Katika misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, mto unaotoka Aberdare au Mlima Kenya huweza kupanda ilhali mahali ulipo kuna jua. Ukiona maji yakibadilika kuwa ya kahawia na kuanza kubeba vijiti na majani, toka. Na ukishaingia katika maji yaliyotulia au yaendayo polepole, mweleze daktari kwamba ulikuwa mtoni ili akupime kichocho.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anasoma chuo kikuu Fairbanks, na ameniarifu kwamba wakati wa likizo ataingia porini siku 6 na wenzake kwa hizo mashua za begini. Siwezi kumkataza, ni mtu mzima. Nimwombe nini ili nisikeshe? — Mama S., Mombasa

JIBU: Mama S., shikamoo. Mwombe karatasi moja kabla hajaondoka: majina na simu za wazazi wa wenzake, jina la mto, mahali pa kuanzia na pa kutokea, rangi ya mahema na ya mashua, na siku pamoja na saa ambayo ikipita bila habari, mtu aite msaada. Mtu huyo asiwe wewe peke yako. Wakati wa kiangazi Mombasa imetangulia Alaska kwa saa 11, hivyo awepo rafiki au mwalimu aliyeko huko mwenye nakala ya karatasi hiyo. Wanaosimamia utafutaji wa waliopotea Alaska ni polisi wa jimbo, wanaoitwa Alaska State Troopers, na ndani ya hifadhi za taifa ni askari wa hifadhi. Namba zao ziandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo.

Muulize kama wamebeba kifaa cha satelaiti, na ni cha aina gani, kwa sababu viko vya aina mbili ambazo wazazi huzichanganya. Kimoja hutuma ujumbe mfupi wa maandishi na huhitaji kulipiwa kwa mwezi. Kingine hutuma wito wa hatari peke yake kupitia mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat, hakina ada ya mwezi, lakini lazima kisajiliwe ili waokoaji wajue ni cha nani na wampigie nani. Ikiwa wana kile cha kwanza, kubalianeni kwamba ujumbe wa kila jioni ni hisani, si ahadi. Betri huisha, mabonde huziba anga, na mama aliyeahidiwa ujumbe saa 2 usiku hupiga simu polisi saa 3. Kinachohesabiwa ni ile saa ya mwisho iliyoandikwa.

Halafu muulize wamebeba chakula cha siku ngapi. Akisema 6, mrudishe dukani. Mto ukifurika, hatua ya busara ni kukaa hemani mpaka upungue, na helikopta nayo husubiri ukungu uondoke. Kwa hiyo wawe na akiba ya siku 2 au zaidi, na saa ya mwisho kwenye karatasi ihesabiwe pamoja na siku hizo za kungoja, ili kijana asisukumwe kuingia kwenye maji mabaya kwa kuogopa kwamba nyumbani mmekwisha anza kumtafuta.